Nani Kasema Toleo la Majaribio Haliguswi?

Kuna amri isiyoandikwa inayotawala vibanda vya mafundi wa kompyuta, kuanzia Kariakoo hadi Luthuli Avenue, na inayotawala vilevile ofisi za TEHAMA zenye viyoyozi: toleo la majaribio la mfumo endeshi haliguswi. Mwambie fundi kwamba unataka kujaribu Windows au Ubuntu ambayo bado haijatoka rasmi, atakutazama kama mtu aliyekosa kazi ya kufanya. Subiri itoke, atakuambia. Ikishatoka, subiri tena miezi sita, wenzako waumie kwanza, ndipo uje upige Windows kwa amani.

Ushauri huu umerudiwa mara nyingi hadi umepata hadhi ya hekima, na anayeupinga anaonekana mzembe. Mimi naupinga. Kusubiri hakumlindi mtu kama anavyodhani, na kwa watu wa ukanda wetu kunatugharimu kuliko kunavyowagharimu wengine.

Kwanza niondoe lile ambalo hatugombanii. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayetetea kuweka beta, yaani toleo la majaribio, kwenye kompyuta ya dirisha la kupokelea wagonjwa, wala kwenye kompyuta mpakato pekee ya mwanafunzi yenye tasnifu ambayo hana nakala yake kwingine. Kampuni zinazotoa beta zenyewe huonya hivyo. Ugomvi unaanza pale onyo hilo, lililohusu mashine fulani za watu fulani, linapogeuzwa kuwa kanuni ya watu wote na mashine zote. Kanuni hiyo imesimama juu ya dhana mbili. Ya kwanza ni kwamba toleo rasmi ni kitu kilichokamilika. Ya pili ni kwamba kujaribu ni kazi ya watu wengine, huko waliko, na sisi kazi yetu ni kupokea.

Tuanze na ya kwanza.

Oktoba 2, 2018, Microsoft ilitoa sasisho kubwa la Windows 10, toleo namba 1809. Halikuwa beta. Lilikuwa limepigwa muhuri wa kuwa tayari. Siku nne baadaye, Oktoba 6, kampuni ikasimamisha usambazaji wake kwa sababu lilikuwa likifuta mafaili ya watu. Halikurudi hadi Novemba 13.

Chanzo cha balaa hilo kinatuhusu sana. Desturi ya mafundi wetu ni kugawa diski sehemu mbili, C ya Windows na D ya mafaili, na sababu inajulikana na kila mteja: Windows ikifa, fundi anaifuta C na kupiga upya, D inabaki kama ilivyokuwa. Mwenye kupenda mpangilio zaidi huihamisha folda yake ya nyaraka moja kwa moja, kompyuta ikajua kwamba kuanzia leo nyaraka zinakaa D. Sasa, toleo lililotangulia 1809 lilikuwa na kasoro ndogo ya kuwaachia watu wa namna hiyo folda tupu za ziada. Watu wakalalamika, wahandisi wakaandika msimbo wa kuzifagia. Msimbo ule ukafagia folda ya zamani hata pale ambapo haikuwa tupu. Aliyehamia D akaacha baadhi ya mafaili yake C, basi yale ya D aliyakuta salama, ya C hakuyaona tena.

Linalouma zaidi ni kwamba kasoro hiyo ilikuwa imekwisha kuripotiwa. Miezi kadhaa kabla ya Oktoba, watu wachache waliokuwa wakijaribu matoleo ya awali kupitia mpango wa Windows Insider walikuwa wameandika kwamba wamepoteza mafaili. Ripoti zao zilizama kwa sababu walioziunga mkono walikuwa wachache mno, na mfumo wa kuchuja malalamiko ulitazama wingi wa kura. Microsoft yenyewe ilikadiria baadaye kwamba ripoti za kupotelewa mafaili zilikuwa kama moja katika kila watu 10,000 waliosakinisha sasisho lile, kisha ikaongeza kwenye programu yake ya maoni sehemu ya mjaribu kueleza ukubwa wa madhara yaliyompata. Fikiria kama mafundi wa Kariakoo na wa Nairobi, ambao kwao C na D ni somo la kwanza, wangekuwa na kompyuta za majaribio mwaka ule. Sidai kwamba wangezuia balaa lote. Nadai kwamba sauti ya watu wenye desturi hiyo ilikuwa ndogo kuliko idadi yao halisi, na sababu mojawapo ni huu ushauri wa kukaa mbali.

Tena tazama ni nani walioumia. Siku zile za mwanzo sasisho halikuwa limesukumwa kwa kila mtu. Lilipewa wale waliokwenda kwenye mipangilio na kubofya kitufe cha kuangalia masasisho. Waliamini wanapokea bidhaa iliyokamilika, kwa hiyo wengi hawakuwa na sababu ya kuhifadhi nakala. Kwa maneno mengine, walikuwa wajaribu wasiojijua. Hapo ndipo dhana ya kwanza inapoanguka. Mfumo endeshi wa leo haumaliziki. Kila mwezi unarekebishwa ukiwa tayari mikononi mwa watu. Kati ya anayejaribu na anayesubiri, anayejaribu anajua yuko kwenye majaribio na amejiandaa. Anayesubiri naye yumo, ila hajaambiwa.

Sasa dhana ya pili, kwamba kujaribu ni kazi ya wengine.

Machi 2024, Andres Freund, mhandisi wa Microsoft ambaye pia ni mmoja wa watengenezaji wa hifadhidata ya PostgreSQL, alikuwa akipima kasi ya programu kwenye mashine yenye Debian, mfumo endeshi wa jamii ya Linux. Debian hukaa katika ngazi tatu: isiyo thabiti, iitwayo sid, ambamo kila kipya huingia kwanza, ya majaribio, na thabiti, ambayo toleo lake jipya hutoka takribani kila baada ya miaka miwili. Freund alikuwa kwenye sid, ile ambayo fundi wetu angeapa kwamba haifai kuguswa na mtu. Akaona jambo dogo: kuingia kwenye mashine kutoka mbali kwa njia ya SSH kulikuwa kunachukua kama nusu sekunde zaidi ya alivyozoea, na prosesa ilikuwa ikitumika kupita kiasi kwa kazi ndogo kama ile. Wengi wetu tungelaumu mtandao tukaendelea na shughuli zetu. Yeye akafuatilia uzi hadi kwenye xz, programu ya kubana mafaili ambayo karibu kila Linux inayo, akakuta ndani yake mlango wa siri uliopachikwa kwa makusudi. Aliyeupachika alijiita Jia Tan. Alikuwa amejitolea katika mradi huo mdogo kwa zaidi ya miaka miwili, akisaidia kwa upole, hadi akaaminiwa kutoa matoleo mapya. Mwenye ufunguo wa mlango ule angeweza kuendesha amri anazotaka kwenye seva ya mtu bila neno la siri.

Freund aliutangaza ugunduzi wake Machi 29. Matoleo yenye sumu, 5.6.0 na 5.6.1, yalikuwa yameshaingia sid, Debian ya majaribio na matoleo ya awali ya Fedora. Debian thabiti, inayoendesha seva za watu, yalikuwa hayajaifikia. Canonical, kampuni inayotengeneza Ubuntu, iliahirisha beta ya Ubuntu 24.04 kutoka Aprili 4 hadi Aprili 11 ili ijenge upya vifurushi vyake.

Mtetezi wa kusubiri atasema huo ndio ushahidi wake: tazama, sid ilikuwa na sumu, na sisi tuliokaa kwenye thabiti tulisalimika. Ni kweli walisalimika. Lakini walisalimika kwa sababu kuna mtu hakufuata ushauri wao. Sumu ile ilikuwa njiani kuelekea kwao, na hakuna kitu katika kusubiri kwao ambacho kingeizuia. Muda peke yake hauchunguzi msimbo. Ngazi ya thabiti inastahili jina hilo kwa sababu ngazi ya chini yake ina watu wanaoitumia kila siku kwa kazi halisi na kushtuka nusu sekunde inapoongezeka. Waondoe hao, thabiti itabaki jina tu.

Kuna tofauti nyingine ambayo amri yetu haiioni. Kipindi cha beta ndicho kipindi pekee ambacho uamuzi bado uko wazi. Januari 2009, Steve Ballmer, mkuu wa Microsoft wakati huo, alitangaza huko Las Vegas kwamba umma unakaribishwa kujaribu Windows 7. Walikusudia kugawa nakala milioni 2.5 tu. Watu walifurika hadi seva zikaelemewa, kikomo kikaondolewa. Beta hiyo ilikuwa na kasoro mbaya: iliweza kukata sekunde chache za mwanzo wa nyimbo za MP3, zisirudi tena. Lakini watu walionywa mapema wahifadhi nakala, na kiraka kikatolewa. Linganisha na yule wa Oktoba 2018 aliyebofya kitufe bila onyo lolote.

Mwishoni mwa Januari hiyo ya 2009, wawili kati ya wajaribu, Long Zheng wa Australia na Rafael Rivera, walionyesha jambo kubwa zaidi. Windows Vista ilikuwa imewachosha watu kwa kuuliza ruhusa kila mara, kwa hiyo Windows 7 ikapunguza maswali: mtumiaji akibadilisha mipangilio ya Windows yenyewe, haulizwi. Tatizo ni kwamba ulinzi huohuo wa kuuliza ruhusa ulikuwa sehemu ya mipangilio. Programu mbovu ingeweza kujifanya vidole vya mtumiaji, ikabonyeza vitufe kimyakimya na kuuzima ulinzi wote bila skrini kuuliza chochote. Microsoft ilijibu kwanza kwamba hiyo si kasoro, ndivyo ilivyokusudiwa. Wajaribu hawakukubali jibu hilo. Februari 5, wakuu wa Windows, Steven Sinofsky na Jon DeVaan, wakatangaza kwamba wanabadilisha. Windows 7 ilipotoka Oktoba 22 mwaka ule, kuzima ulinzi kulihitaji ruhusa. Waliosubiri wakapokea ngao iliyopiganiwa na watu ambao wangewaita wazembe.

Apple nayo ilipitia njia hiyo. Septemba 2000 iliwauzia watu beta ya Mac OS X kwa dola 29.95. Nembo ya tufaha, ambayo kwa miaka mingi ilikaa pembeni kushoto ikiwa na menyu yake, ilikuwa imehamishiwa katikati ya mstari wa juu kama pambo lisilofanya kitu. Watu wakalalamika. Machi 2001, toleo la 10.0 lilipotoka, nembo ilikuwa imerudi kushoto, na menyu yake nayo imerudi.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na hapa ndipo amri ya kusubiri inapotuumiza sisi hasa. Ingia kwenye stesheneri yoyote jirani na chuo au mahakama. Kuna kompyuta ya mtumba iliyokuja na kontena kutoka Ulaya au Dubai, yenye RAM ya gigabaiti nne. Kuna printa ya zamani ambayo wino wake unajazwa kwa bomba la sindano. Intaneti inatoka kwenye simu ya mwenye duka, kwa bando. Wateja wamepanga foleni na flashi ambazo hakuna ajuaye zimepita wapi. Umeme hukatika bila kuaga, pengine sasisho likiwa asilimia 60. Hayo ndiyo mazingira ya kazi ya maelfu ya watu wetu, na hayafanani na meza ya mhandisi wa Microsoft huko Redmond. Mhandisi huyo si adui yetu. Anarekebisha anachokiona, na anachokiona ni kile kinachotoka kwenye mashine za wanaojaribu. Printa isiyotambuliwa na mfumo mpya, kama hakuna aliyeiripoti, kwake haipo. Sasisho linalovunjika umeme ukikatika, kama wajaribu wote wanaishi mahali ambapo umeme haukatiki, kwake halivunjiki. Kisha toleo rasmi linatoka, mwenye stesheneri anapoteza siku nzima ya kazi, na fundi anatikisa kichwa: si nilisema usubiri? Huyo aliyesubiri ndiye huyohuyo aliyeumia.

Zipo hoja tatu za upande wa pili ambazo hazistahili kupitwa.

Ya kwanza ni nzito: kwa nini niifanyie kazi ya bure kampuni tajiri? Wanaoisema wana ushahidi. Julai 2014 Microsoft ilitangaza kupunguza hadi nafasi 18,000 za kazi, nyingi zikiwa za upande wa Nokia, lakini miongoni mwa walioondoka walikuwemo waliokuwa wakilipwa kujaribu programu. Septemba 30 mwaka huohuo ikatangaza mpango wa Windows Insider, unaowaalika wananchi wajaribu bila malipo. Mtu akiunganisha matukio hayo mawili, simlaumu. Ila anakosea katika hitimisho. Kukataa kujaribu hakumwachishi kibarua. Kunamhamishia kwenye kibarua kibaya zaidi, cha kugundua kasoro baada ya kutoka, akiwa na kazi ya mteja mkononi. Kama dhuluma ipo, na naamini ipo, dawa yake ni kupaza sauti kampuni ziajiri wajaribu tena, na sauti hiyo ina uzito zaidi ikitoka kwa mwenye orodha ya kasoro alizozikuta. Asiyetaka kabisa kumtumikia tajiri anao mlango mwingine: Debian, Fedora na Ubuntu zina matoleo ya awali, na kasoro unayoiripoti huko inamfaa kila mtu anayetumia mfumo huo bure.

Ya pili: hata ukisema, hawasikii. Mfano wao ni Windows 8. Toleo la majaribio la Februari 29, 2012 lilikuja bila kitufe cha Start, wajaribu wakapiga kelele, Microsoft ikatoa bidhaa yake Oktoba 26 vilevile bila kitufe. Ni kweli. Lakini endelea na hadithi: mwaka mmoja baadaye kitufe kikarudi katika 8.1, na mwaka 2015 menyu nzima ikarudi katika Windows 10. Kampuni ilisikia kwa kuchelewa. Na hata kama isingesikia kabisa, ofisi iliyojaribu toleo lile ilipata miezi minane ya kujua kinachokuja, ikaweza kuamua kubaki na Windows 7. Aliyesubiri alijua siku ile kompyuta mpya zilipofika zikiwa na Windows 8 tayari ndani.

Ya tatu husemwa kwa unyenyekevu: mimi si mtaalamu. Ripoti nzuri haihitaji utaalamu wa msimbo. Inahitaji mambo matatu: ulifanya nini, ulitarajia nini, kilitokea nini. "Nimeunganisha simu kama modemu, nikaiwekea alama kwamba intaneti hii inalipiwa kwa kipimo, nikatarajia masasisho yasipakuliwe, asubuhi bando limekwisha." Sentensi moja ya namna hiyo, ikiwa na jina la simu na namba ya toleo, ina thamani kuliko kurasa mbili za kulaani. Anayeweza kumweleza fundi tatizo la kompyuta yake anaweza kuandika ripoti.

Linabaki suala la uwezo, na hapa nakubali kwamba si kila mtu atajaribu. Faili la mfumo mpya lina gigabaiti kadhaa, na si kila mwenye kompyuta anayo ya pili. Anayetaka kuanza nyumbani anaweza kuiendesha beta ndani ya mashine pepe, au Ubuntu kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, baada ya kuhifadhi nakala ya mafaili yake nje ya kompyuta. Lakini mzigo huu kwa haki si wa mwenye stesheneri. Ni wa vyuo vikuu, benki, halmashauri na wizara, ambako intaneti inalipwa kwa mwezi, mashine za zamani zimerundikwa stoo, na wapo watu wanaolipwa mshahara kwa ajili ya TEHAMA. Maabara moja ya chuo ikitenga kompyuta mbili, moja mpya na moja ya mtumba, ikaziunganisha na printa zilizopo kweli, ikazizimia umeme katikati ya sasisho kwa makusudi, na ikawapa wanafunzi wa mwaka wa tatu zoezi la kuandika ripoti, itakuwa imefundisha somo la kweli na kuwatetea watumiaji wote wa mtaa wake. Hakuna bajeti mpya inayohitajika kwa hilo. Kinachohitajika ni mkuu wa idara aache kurudia amri aliyoirithi kwa fundi wake wa kwanza.

Afisa TEHAMA anayengoja toleo rasmi ndipo aulize kama printa za ofisi na programu ya mishahara vitafanya kazi hajailinda ofisi yake na chochote. Swali lile lingeulizwa wakati wa beta, lingepata mhandisi mwenye sababu na muda wa kulijibu. Yeye amelipeleka hadi siku ambayo jibu pekee lililobaki ni la fundi wa mtaani: futa C, piga upya.